Nani Hapo Mlangoni?

Mtu akibisha hodi usiku, mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Na ajabu ni kwamba mara nyingi jibu litokalo nje ni "Mimi." Tukilipima kwa mantiki peke yake, jibu hilo si jibu. Kila mtu duniani ni "mimi". Jambazi ni mimi, mkwe ni mimi, na balozi wa nyumba kumi aliyekuja kudai mchango naye ni mimi. Hata hivyo mlango hufunguliwa, kwa sababu mwenye nyumba hakuwa akilisikiliza neno, alikuwa akiisikiliza sauti. Neno "mimi" ni chombo tu cha kuibebea sauti.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili dogo tangu mitandao isiyotumia waya, ambayo vijana huiita waifai, ilipoingia katika maofisi, nyumba za kulala wageni na vituo vya kuchenjulia dhahabu huku kwetu, toka Shinyanga mjini na Kahama mpaka Geita. Kile kifaa chenye vitaa vya kijani kinachotundikwa ukutani hupigiwa hodi mchana kutwa na usiku kucha. Simu, kompyuta na mashine za kuchapia, zote hubisha na zote husema "mimi". Lakini kifaa hakina sikio la kuitambua sauti ya jirani. Hivyo hapana budi kiulize swali lingine. Kiulize swali gani, na kwa haki gani? Wengi wataniambia kuwa hayo ni mambo ya mafundi, mzee mstaafu yanamhusu nini. Mimi naona ni suala la maadili kabla halijawa la ufundi, na nitakuomba, ndugu msomaji, univumilie nieleze kwa nini.

Mtandao wa waya una mpaka unaoonekana. Asiyeingia chumbani hawezi kuchomeka waya. Mtandao wa hewani hauna ukuta. Mawimbi ya redio hupenya matofali, huruka ua wa minyaa, yakamfikia mtu aliyeegemea pikipiki yake ng'ambo ya barabara. Wahandisi waliliona hilo mapema. Kanuni za kwanza za mitandao hii zilipotolewa mwaka 1997 ziliambatana na kufuli lililoitwa WEP, ambalo kwa jina lake lilijigamba kutoa faragha sawasawa na ile ya waya. Kufikia mwaka 2001 wataalamu walikwisha kuonyesha hadharani jinsi linavyovunjika. Likaja WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Sina nia ya kumchosha mtu kwa vifupisho. Ninachotaka kionekane ni kwamba, makufuli yakibadilika au yasibadilike, kuna namna mbili tu za kumwuliza anayebisha hodi. Namna ya kwanza ni kumwuliza: "Je, unalijua neno?" Namna ya pili ni kumwuliza: "Je, wewe ni nani?"

Namna ya kwanza ndiyo iliyoenea. Nyumba nzima, au ofisi nzima, ina neno moja la siri. Anayelijua huingia, asiyelijua hubaki nje. Kwa baba, mama na watoto wanne, sina ugomvi nayo. Lakini tazama neno hilo linavyosafiri mahali penye watu ishirini. Mhasibu humpa dereva, dereva humpa mlinzi wa usiku ili asisinzie, mlinzi humpa shemeji yake. Hakuna kati yao aliyefanya ubaya. Kila mmoja alifanya wema mdogo, na wema huo ukijumlishwa siri inakuwa tangazo. Na kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui: katika WPA2 ya neno moja, mtu anayelijua neno lenu, akiwahi kunasa salamu za kwanza kati ya simu yako na ruta, anaweza kuyafungua na mazungumzo yako. Kwa hiyo mliomo ndani hamkufungiana milango ninyi kwa ninyi. Mmemfungia tu yule aliye nje.

Hayo ni madhara ya kiufundi. Madhara yaliyonifanya nishike kalamu ni mengine.

Miaka michache iliyopita, katika ushirika mmoja wa wachimbaji wadogo mkoani Geita ambao sitautaja, nilikuwa nakwenda mara mbili kwa mwezi kuwasaidia mambo ya hesabu. Ofisi ilikuwa ya vyumba viwili. Neno la siri la mtandao liliandikwa kwa chaki kwenye ubao nyuma ya mlango, chini ya bei ya dhahabu ya siku hiyo. Siku moja mnunuzi alikuja kwenye mazungumzo akiwa anaijua tayari bei ya mwisho ambayo viongozi walikubaliana kuipokea, hata senti haikupungua. Karatasi ya hesabu hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, katika jalada ambalo yeyote aliyemo mtandaoni angeweza kulifungua. Fundi aliitwa. Akasema jalada lilifunguliwa saa mbili usiku na kifaa kilichokuwa ndani ya mtandao. Kifaa cha nani? Hapo fundi akanyamaza, kwa kuwa ruta haikuwa imemwuliza mtu jina. Ilikuwa imeuliza neno, na neno lilijibiwa sawasawa.

Waliolijua neno walikuwa ishirini na zaidi. Hata hivyo haikupita wiki mkosaji alipatikana. Alikuwa binti wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, mwepesi wa kompyuta kuliko wote, mgeni asiye na ndugu hata mmoja pale mjini. Alikatishiwa mafunzo. Alinikuta stendi nikisubiri gari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia. Pole sana."

"Asante mwalimu. Wananiambia nithibitishe kwamba siyo mimi. Sasa nitathibitishaje? Lile neno hata mama wa chai analijua."

"Uliwaeleza hivyo?"

"Niliwaeleza. Wakasema mama wa chai hajui kompyuta."

Itazame mantiki hiyo. Mlango ulikuwa wa wote, ila hatia ikawa ya mmoja, na huyo mmoja alichaguliwa kwa sababu anajua kazi na hana wa kumtetea. Sikujua wakati ule, wala sijui leo, nani alilifungua jalada lile. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyejua. Tuhuma isiyo na mwenyewe hutembea kama maji ya mvua, hutafuta palipo chini ikatuama. Mwenyekiti alilijua neno, lakini tuhuma haikupanda mpaka kwa mwenyekiti.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumtaka kila mtumiaji ajitambulishe kwa jina lake ni kuwashuku watu, namjibu kwamba ni kinyume chake. Panapokuwa na neno moja la wote, kila mtu ni mshukiwa daima, na mnyonge ndiye anayelipa. Anayejitambulisha kwa jina lake na siri yake anaweza siku moja kusema, "Saa mbili usiku sikuwamo, tazameni." Binti yule alinyimwa hata nafasi ya kusema hivyo.

Namna hiyo ya pili hufanyaje kazi? Si vigumu kuielewa. Fikiria wapo watatu: mgeni, mlinzi wa geti, na mzee mwenye daftari aliyeko ndani. Simu yako ndiyo mgeni. Ruta ni mlinzi, naye hamjui mtu, wala hatakiwi kumjua. Anachofanya ni kuliacha geti limefungwa na kupeleka maneno ya mgeni kwa mzee. Mzee ni programu kwenye seva, na aina yake maarufu, RADIUS, ilibuniwa enzi za kuingia intaneti kwa laini ya simu ya mezani. Yeye hulitazama jina, akaipima siri ya mtu huyo mmoja, kisha humwambia mlinzi, "Fungua," au "Acha." Akifunguliwa, mgeni hupewa ufunguo wa kufichia mazungumzo ambao ni wake peke yake, na kesho akirudi hupewa mwingine. Mfanyakazi akiacha kazi, hufutwa mstari mmoja daftarini. Wengine hawabadilishi kitu. Utaratibu wenyewe wa mlinzi na mzee uliwekwa rasmi mwaka 2001 kwa namba 802.1X, na hauhitaji utajiri. Kompyuta ndogo iliyochakaa inatosha kuwa mzee wa daftari katika ofisi ya watu hamsini.

Wapo watakaosema huo ni uchoyo. Usukumani mgeni hakuulizwa shida yake kabla hajanywa maji, je, leo tumwulize paswedi? Hoja hii naiheshimu ila haina uzito mkubwa. Ruta karibu zote za siku hizi huweza kutoa mitandao miwili, mmoja wa kazi na mwingine wa wageni usiofika kwenye majalada. Mtoto wa jirani anayetaka kusoma asome kwa huo wa wageni. Ukarimu haukuwahi kumaanisha mgeni alale kwenye kihenge.

Hoja nzito iko kwingine, na ili niifikie naomba nipitie migodini.

Katika migodi mikubwa ya chini ya ardhi, kabla ya kushuka kila mtu hutundika kibao chenye jina lake kwenye ubao wa mlangoni, na akitoka hukiondoa. Mtu wa nje angedhani ni njia ya kuwakamata wezi wa dhahabu. Kazi yake ni kujua nani bado yuko chini endapo mwamba utaporomoka au moshi utajaa. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, Mgusu, Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko, mambo aghalabu ni tofauti. Rashi ikitokea, watu huja kwa mamia, na wengi hujulikana kwa majina ya utani tu. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa huko Nyangalata, wilayani Kahama, na watano kati yao walitolewa wakiwa hai mwezi Novemba, baada ya siku 41. Kila ninapolikumbuka tukio hilo huwaza habari ya yule ambaye angefukiwa akiwa na jina la utani peke yake, na mama yake yuko kijiji cha mbali akidhani mwanawe amekwenda Mwanza. Kuulizwa jina mlangoni kunaweza kuwa njia ya kupendwa. Mtandao nao, kwa kadiri yake ndogo, unapomwuliza mtu jina humpa kibao cha kutundika: nipo, nimeingia, nimetoka.

Lakini kibao kinatundikwa kwenye ubao wa mtu. Hapo ndipo penye hoja nzito. Anayeuliza "wewe ni nani" anakuwa na nguvu juu ya anayejibu, na historia ya huku kwetu inatufundisha kwamba nguvu hiyo huenda pande zote mbili.

Sungusungu walianzia sehemu za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi uwezo wa polisi. Ulinzi wao ulisimama juu ya kutambuana. Mwano ukipigwa kila mwanamume alitoka na upinde wake, na mgeni aliyepita kijijini aliulizwa anatoka kwa nani na anakwenda kwa nani. Hawakuuliza "unaitwa nani" tu; waliuliza "wewe wa nani?" Jina la mtu lilikuwa na thamani ikiwa kuna wa kulidhamini. Wizi ulipungua, na serikali ikaja kuwatambua. Wengi wetu tuliishi salama zaidi, nasi tusiwe wasahaulifu.

Hata hivyo, katika vijiji hivyo hivyo ambamo kila mtu alimjua kila mtu, vikongwe waliuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi kwa miaka hamsini ya kuwapikia wengine. Wauaji hawakukosa kuwatambua. Walitambuliwa sana, kwa jina, kwa ukoo na kwa nyumba. Hivyo mtu anaposema kwamba utambuzi wa mashine ni baridi na wa jirani ni wa utu, mimi husita. Mzee wa daftari aliyeko kwenye seva haoni rangi ya macho. Haulizi ukoo, wala hajui nani ana mjomba bomani. Hupima alichopewa kupima, akajibu ndiyo au hapana. Huo ni ufukara wake, na kwa mtu kama binti yule wa chuo ufukara huo ungekuwa rehema.

Ila mzee wa daftari ana bwana wake. Kwenye ushirika ule nilioutaja, baadaye walimleta fundi kutoka Mwanza, akawawekea utaratibu wa jina kwa jina. Nilifurahi. Haikuisha miezi mitatu meneja akaanza kulisoma daftari kila asubuhi na chai yake. Nani aliingia saa ngapi, simu ya nani ilitoweka mtandaoni mchana, nani na nani hutoweka pamoja. Katibu muhtasi mmoja aliulizwa mbele za watu alikuwa wapi saa nane kasorobo. Chombo kilichopaswa kumlinda asiye na hatia kikawa tundu la kuchungulia. Nakiri palikuwa na saa nililitamani tena lile neno la chaki ubaoni.

Lakini sikulitamani kwa muda mrefu, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo lipo ndani ya ufundi wenyewe, na ambalo nadhani mafundi walilifahamu kabla yetu sisi wapenda falsafa. Mtandao unaotengenezwa vizuri haumwulizi mgeni tu. Mgeni naye huuuliza mtandao. Yeyote anaweza kuketi karibu na ofisi yako na ruta yake, akaipa jina lile lile la mtandao wenu, akangoja simu zenu zije zenyewe kumkabidhi majina na siri. Dawa yake ni kwamba seva lazima itangulie kuonyesha hati yake, na simu iikague kabla haijatamka chochote. Anayebisha hodi anasema, "Kabla sijakwambia mimi ni nani, nionyeshe kwamba hii kweli ni nyumba niliyoikusudia." Bahati mbaya onyo la hati hiyo likitokea kwenye kioo cha simu, watu tisa kati ya kumi wa ofisi ile hubonyeza "kubali" bila kusoma. Nimewaona kwa macho yangu.

Hatujazoea kumwuliza anayetuuliza. Mwaka 2019 nchi nzima ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tulipanga foleni, tukaweka kidole. Wakala asiye mwaminifu akisema, "Mama, haijasoma, weka tena," mama aliweka tena, na kidole cha pili kikasajili laini ya mtu mwingine kwa jina lake. Ndiyo maana tukafundishwa kupiga *106# ili kila mtu aone ni laini ngapi zinatembea kwa jina lake, na wapo waliokuta wasizozijua. Mama yule alijitambulisha kwa uaminifu wote, kwa mwili wake hasa. Aliyekuwa hajatambulishwa ni wakala.

Basi kwa maoni yangu swali "wewe ni nani?" ni kama mkopo. Aliyeuliza amechukua kitu, naye ana wajibu kwa alichokichukua: ajitaje kwanza yeye, aseme anauliza kwa ajili gani, asitumie jibu kwa jambo lingine, na likikwisha kazi alitupe. Haya siyabuni mimi peke yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina roho hiyo hiyo: taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisikae kuliko inavyohitajika. Meneja wa ushirika ana nakala yake kabatini.

Nilipokwenda mara ya mwisho niliwakuta yeye na fundi wanabishana juu ya daftari lile. Fundi alitaka kuiweka seva ifute yenyewe kumbukumbu zote za kuingia na kutoka zikifika siku thelathini, isipokuwa kuna shauri lililofunguliwa, na wakati huo zisomwe mbele ya watu wawili. Meneja alitaka mwaka mzima, na azisome yeye. "Mwizi anaweza kujulikana baada ya miezi sita," alisema, na hakusema uongo. Fundi akajibu, "Bosi, na katibu muhtasi je?" Nikaulizwa mimi kama mtu mzima niliyepo. Nikasema siku thelathini, watu wawili, na mmoja wao asiwe meneja. Meneja akacheka, akaniongezea chai, akasema watalipeleka kwenye kamati.